Vijiti Ishirini na Vinne Vilivyorudishwa

Kopo la biskuti lilirudi kwa posta siku ya Jumanne, limezungushiwa gundi ya karatasi pande zote. Nilijua kilichomo kabla ya kulifungua, maana mimi ndiye niliyelituma wiki tatu nyuma. Ndani, vimelazwa kwenye pamba kama mayai, vilikuwa vijiti vyangu 24 vya kusukia lesi. Vyote vya mpingo, vyeusi ti, vinang'aa, kila kimoja na kishada chake cha shanga. Juu yake palikuwa na kikaratasi: vinapendeza sana kuangalia, ila havisuki. Naomba pesa yangu.

Paundi 144. Pesa yenyewe nilikuwa nimeshailipia umeme.

Ninaandika kwa sababu kuna watu, wa huku na wa nyumbani, wanaoniuliza jinsi ya kuingia kwenye kazi hii, na wote wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi: wanataka kutengeneza kitu kizuri chenye alama ya kwao. Si vibaya. Lakini mimi alama ya kwetu niliibandika mahali pasipotakiwa, na ilinigharimu karibu miaka miwili kujua palipotakiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Vijiti hivi huitwa bobini, lakini usifikirie ile ya cherehani. Lesi ya vijiti husukwa juu ya mto mgumu uliojazwa majani makavu. Juu ya mto unabandikwa mchoro wa karatasi ngumu uliotobolewa matundu, na kila tundu husubiri pini yake. Nyuzi zinaning'inia kutoka kwenye pini, na kila uzi umezungushiwa kijiti chake. Vijiti huenda jozi jozi, na tundu moja la lesi linahitaji jozi mbili, yaani vijiti vinne. Mwendo ni wa aina mbili tu: vya katikati vinapishana, kushoto juu ya kulia, halafu kila jozi inasokotwa, kulia juu ya kushoto. Basi. Kila lesi ya vijiti utakayoiona imetokana na miendo hiyo miwili, ikirudiwa mara elfu na elfu. Aliyekaa barazani akamtazama bibi yake akisuka ukili ataelewa upesi kuliko Mzungu aliyesoma kitabu. Tofauti ni kwamba ukili unaushika kwa vidole, na hapa huugusi uzi. Unagusa kijiti tu. Ndiyo maana kijiti kikikosea, kila kitu kimekosea.

Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Nilifika Bedford, Uingereza, kufanya kazi ya kutunza wazee. Katika nyumba ya wazee niliyopangiwa kulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, na mto wake wa lesi umewekwa dirishani kama mtoto anayeota jua. Kilichonivuta ni sauti. Nilikuwa napita koridoni na ndoo, nikasikia kete za bao. Nikasimama. Tak, tak-tak, tak. Nilijua si bao, lakini miguu iligoma kuondoka.

Bibi yule (namwita Bibi, jina lake ni lake) alinipa kijiti kimoja nikishike. Kilikuwa cha mfupa wa ng'ombe, chembamba kuliko penseli, kirefu kama kiganja, chini kimefungwa shanga kwa waya. Kiwiliwilini kulikuwa na vidoti vidogo vyekundu na bluu vilivyotobolewa kimoja kimoja, vikizunguka kama njia ya konokono. Nilidhani ni urembo. Kumbe ni herufi. Kijana fulani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuwa anamwomba msichana fulani amkubali upesi.

Nikasema: kanga!

Bibi hakuelewa, na kesho yake nilimletea kanga yangu nikamwonyesha maandishi ya pindoni. Tukacheka mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Mtu anaandika lile asiloweza kulisema mdomoni kwenye kitu kinachotumika kila siku, kisha anakitoa zawadi. Kule katika mikoa ya Bedfordshire, Buckinghamshire na Northamptonshire wasusi wa lesi walikuwa wanawake maskini, wengine walianza wakiwa na miaka mitano katika shule za lesi zilizofanana zaidi na karakana kuliko shule. Fedha ya kununua dhahabu hawakuwa nayo. Kijiti ndicho kilichokuwa kidani, barua ya mapenzi, cheti cha kuzaliwa na tanzia. Kuna vijiti vyenye aya za dini na vyenye majina ya watoto. Vipo pia vilivyoandikwa habari za walionyongwa: Joseph Castle, aliyenyongwa Bedford mwaka 1860, ana vijiti vyenye jina lake na mwaka wake, na William Worsley wa mwaka 1868 vilevile. Watu walikwenda kutazama mtu akinyongwa, wakarudi na kijiti. Nilipoviona mara ya kwanza mwili ulisisimka. Bibi hakushtuka. Alisema tu kwamba uzi haujali jina la nani.

Kusuka nilijifunza polepole, na kusema kweli mimi ni msusi wa wastani mpaka leo. Moyo wangu ulikwenda kwenye vijiti. Babu yangu alikuwa mkerezaji. Alikereza miguu ya vitanda kwa mashine ya upinde, huku mkono unavuta upinde, huku patasi, na mguu unasaidia kushika. Nilikaa pembeni nikikusanya maranda, na kila nilipoomba nijaribu aliniambia, mjukuu wangu, hii si kazi ya mtoto wa kike. Nikakumbuka hilo siku Bibi aliponiambia kwamba hata kwao waliokereza walikuwa wanaume. Akataja majina kama mtu anayetaja majirani: Jesse Compton wa Deanshanger na mwanawe James, na yule wa Cranfield aliyeitwa Bobbin Brown. Wanawake walishika vijiti maisha yao yote na hawakushika patasi. Nikajisemea, haya, mimi nitashika vyote viwili.

Mashine ndogo ya kukerezea nilinunua iliyotumika, paundi 190. Patasi tatu paundi 75. Zingatia: patasi za kazi kubwa hazifai, tafuta zile ndogo zenye makali membamba, na jiwe la kunolea, kwa sababu kijiti cha unene wa milimita sita hakistahimili patasi butu. Kitapiga kelele, kitatetema, kitakatika katikati na kukurukia usoni. Vyangu vya kwanza arobaini hivi vilikatika. Sihesabu hasara hiyo, vilikuwa vijiti vya uzio.

Hasara ya kwanza ya kweli ilikuwa mpingo wenyewe. Niliona wakerezaji wa huku wanauziana vipande vidogo vya mpingo kwa bei iliyonikera. Huu mti ni wa kwetu! Unaota kwetu, unapelekwa Ulaya kutengenezewa klarineti, zumari za obo na zumari za mfuko za Waskoti, halafu mimi wa Kilwa niununue kipande cha urefu wa kidole kwa bei ya chakula cha mchana? Nikampigia binamu aliyekuwa anakuja, nikamwomba abebe kilo nne za vipande kwenye begi. Hakuna aliyetuambia, na sisi hatukuuliza, kwamba tangu Januari 2017 mpingo na ndugu zake wote wa jenasi moja, Dalbergia, wamo kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mbao ghafi haivuki mpaka bila kibali. Vipande vilibaki uwanja wa ndege. Binamu alibaki na maelezo ya saa mbili, na mpaka leo akiniona ananiuliza kama nina mzigo wa kumpa. Usifanye hivyo. Nunua kwa muuzaji mwenye karatasi zake, na ununue vile vipande vinavyokatwa kwa ajili ya kalamu, kwani kimoja ukikipasua vizuri kwa urefu kinatoa vijiti viwili.

Hasara ya pili ilikuwa ngozi yangu. Vumbi la mpingo ni kali. Nilikereza siku tatu mfululizo kwenye kibanda cha bustani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, bila barakoa, maana babu hakuvaa barakoa. Siku ya nne macho yalikuwa yamevimba na mikono ina vipele mpaka kwenye viwiko. Babu alikereza nje, chini ya mwembe, upepo wa bahari unapita. Hilo sikulifikiria. Barakoa nzuri na mikono mirefu, na kufyonza vumbi kila baada ya vijiti vichache: hapo sina mjadala na mtu.

Sasa turudi kwenye kopo la biskuti.

Vile vijiti 24 nilivibuni mwenyewe. Niliona vya Wazungu vimekonda mno, havina raha. Vyangu nikavipa kiwiliwili cha milimita tisa, kinene, chenye mikunjo kama mguu wa kitanda cha babu. Kichwa nikakifanya mviringo kama tasbihi. Shanga nikatumia zile ndogo ndogo, nyingi, ishirini na tano kwa kila kishada, nyekundu, nyeupe na bluu, zinaning'inia kama hereni. Nikapaka nta mpaka vikawaka. Siku nilipovipiga picha mwanangu alisema, mama, hivi vya kwenda makumbusho. Nikamuuzia mwanamke mmoja tuliyekutana kwenye kikundi cha lesi.

Viliporudi, nilikasirika. Niliwaza ni ubaguzi, ni roho mbaya, ni wazee wasiotaka kitu kipya. Kulikuwa na sababu ya kuwaza hivyo: mama mwingine wa kikundi kile aliwahi kukishika kijiti changu kwa vidole viwili na kusema kwamba hivi si vya asili. Neno hilo lilinikaa kama mwiba. Nikaenda na kopo langu kwa Bibi, nikitarajia atanitetea.

Hakunitetea. Hakunilaumu pia. Alisema, lete uzi, tuvifunge.

Tukafunga jozi nane tu, kwa uzi mwembamba wa pamba, ule wa lesi ya Buckinghamshire. Na hapo, mezani mwa nyumba ya wazee, saa moja na nusu, vijiti vyangu vilinishitaki kimoja baada ya kingine.

Uzi ulikatika. Tukaunga. Ukakatika tena. Bibi akaniambia nilete mzani mdogo wa jikoni wa kupimia gramu. Vijiti vyake vya mti, na shanga zake, vilikuwa gramu nne, nne na nusu. Vyangu gramu kumi na moja hivi. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, na mimi nilikuwa nimeuongezea unene nusu zaidi. Ubaya zaidi ni kwamba havikulingana: katika jozi moja kulikuwa na cha tisa na cha kumi na mbili. Uzito wa kijiti ndio unaouvuta uzi ukanyooka. Ukivuta tofauti kila upande, tundu la lesi linapinda, na huwezi kulirekebisha kwa mkono.

Kisha kitanzi. Kijiti cha huku kina shingo mbili. Shingo ndefu ndiyo inayobeba uzi, na juu yake, chini ya kichwa, kuna shingo fupi ambapo uzi unafungwa kitanzi kimoja chepesi ili usifumuke. Ukitaka uzi zaidi unakizungusha kijiti, kitanzi kinaachia kidogo, unaendelea. Kichwa changu cha tasbihi kilikuwa laini na mviringo mno. Kitanzi kikateleza, kijiti kikaanguka, kikaning'inia magotini mwangu na sentimita thelathini za uzi. Shingo ndefu nayo niliifanya nene kwa kuogopa isivunjike, kwa hiyo ilibeba uzi mchache, ungelazimika kuunga kila baada ya siku mbili. Na ukingo kati ya shingo mbili niliuacha mkali. Unapendeza, ukingo mkali. Pia unakata uzi.

Kisha shanga, na hapa ndipo niliposikia aibu. Mimi nilidhani kishada ni urembo. Kumbe kijiti cha Bedfordshire ni chembamba na mviringo, na mto una mteremko, kwa hiyo kisipozuiwa kitabingirika na kuufumua uzi uliousokota. Kishada ndicho kinachokizuia kisibingirike, na kinaongeza uzito kidogo pale chini panapotakiwa. Shanga za zamani zina pande nne, zimebanwa na kutiwa mikwaruzo ubavuni ili zikae, zisiteleze. Zangu zilikuwa punje za mviringo kwenye kitanzi kirefu. Hazikuzuia kitu, na zilikumbatiana na za jirani mpaka tukatumia sindano kuzitenganisha. Waya niliotumia ulikuwa wa chuma, tena ncha zake zimechomoza. Chuma kitaota kutu, kutu itagusa lesi nyeupe ya miezi sita. Tumia waya wa shaba, na ncha uzifiche ndani ya tundu la ushanga.

Mwisho Bibi alichukua leso nyeupe akaifuta shingo ya kijiti changu kimoja. Akanionyesha leso. Doa la kijivu, nta imechanganyika na vumbi jeusi la mpingo. Hakusema neno. Lile doa peke yake lingetosha kurudisha kopo zima.

Nililia njiani, kwenye basi. Sitaki kuipamba habari hii, nililia kwa sababu ya zile paundi 144 ambazo sikuwa nazo.

Lakini kuna upande wa pili, na bila huo mtu anaweza kusoma hapa akadhani ninasema fuateni ya wazee mkanyamaze. Miezi miwili baadaye kulikuwa na maonyesho ya lesi katika ukumbi mmoja wa kijiji, na muuzaji wa vitu vya kale alikuwa na trei tano za vijiti vya karne ya 19. Niliinama juu ya trei zile nikasahau chai. Ndugu zangu, hakuna viwili vilivyofanana! Kimoja kina madoa ya bati lililoyeyushwa na kumiminwa kwenye vitundu, wanakiita chui. Kingine kina pete za bati kiwiliwili kizima, chui milia. Kingine kina umbo la mabawa, kipepeo. Vingine vimepachikwa vipande vya mbao ya rangi nyingine, vingine vimezungushiwa waya. Kuna ambacho kiwiliwili chake kimetobolewa madirisha, na ndani kuna kijiti kidogo kama punje ya mchele kinachocheza, wanakiita mama na mwana. Kuna kinachochomoka katikati, na humo ndani kuna kitoto, hicho ni ng'ombe na ndama. Vishada vina vifungo vya nguo, sarafu, na vishanga ambavyo ni wazi vilikatwa kwenye mkufu wa mtu.

Nikamtafuta kwa macho yule mama wa "si vya asili". Asili gani? Hawa wazee walikuwa wanashindana kwa mbwembwe!

Nikatoa kipimo changu mfukoni, muuzaji akaniruhusu. Nilipima vijiti thelathini: unene wa shingo, urefu wa shingo, kichwa, kiwiliwili. Na jibu lilikuwa mbele ya macho yangu kwenye karatasi yenye madoa ya chai. Viwiliwili vilitofautiana kwa kila namna, lakini karibu vyote havikuzidi milimita sita. Na shingo, ndugu yangu, shingo zilikuwa kama zimetoka kwenye mkono mmoja. Pale uzi unapogusa hapana mzaha. Chini ya hapo, cheza.

Yule mama alikuwa sahihi kuhusu kijiti changu na alikosea kuhusu sababu. Mimi nilikuwa sahihi kuhusu uhuru na nikautumia shingoni.

Tangu hapo nikaanza kukereza kinyume na nilivyoanza. Ninaikata shingo kwanza, kwa kielelezo cha bati nilichokitoboa kwa vipimo vya Bibi, na sigusi kiwiliwili mpaka shingo imepita. Ncha za kingo ninazivunja kwa msasa mwembamba, halafu ninapitisha soksi ya nailoni ya zamani juu yake. Ikikwama popote, uzi nao utakwama. Nta inaishia kwenye kiwiliwili, haipandi shingoni. Mpingo ninaufuta kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kibaki cheupe, hata ikichukua nusu saa. Na kila kijiti kinapita kwenye mzani kabla ya kupata mwenzake. Jozi yangu leo haitofautiani zaidi ya robo ya gramu.

Usidhani baada ya hapo sikukosea. Mteja mmoja aliagiza dazeni ya vijiti vya Honiton. Nikajua Honiton ni mji wa Devon, nikaishia hapo. Nikamtengenezea dazeni safi, nyembamba, shingo bora, na vishada vya shanga za kupendeza. Lo! Lesi ya Honiton husukwa vipande vipande, ua peke yake, jani peke yake, kisha huunganishwa, na kuunganisha ni kupitisha kijiti kizima ndani ya kitanzi kidogo cha uzi. Ndiyo maana vya kwao ni laini kabisa, chini vimechongoka kama mshale, na havina shanga hata moja. Vya kwangu vingepita wapi? Nilikata shanga, nikachonga ncha, nikaokoa saba. Siku hizi swali la kwanza kwa mteja ni: unasuka lesi gani, na mto wako ukoje? Wabelgiji vijiti vyao vina tumbo chini, havihitaji kishada kwa kuwa tumbo lenyewe ni uzito. Baadhi ya Wajerumani huvalisha shingo kofia ya mti ili uzi usishike uchafu. Wahispania mto wao ni mrefu, umesimama, na vijiti vinaning'inia mikononi. Hata pale Buckinghamshire, upande wa kusini kuna vijiti vinene visivyo na shanga. Kila umbo lina mto wake, na mimi nilikuwa nachukua kofia ya huyu namvalisha yule.

Mama na mwana nilijaribu mara nne. Mpingo ni mgumu lakini ni mkavu, ukiutoboa ubavuni karibu na ukingo unapasuka kama kaukau. Vitatu vilipasuka kwenye dirisha la mwisho, daima la mwisho. Cha nne nilikitengeneza kwa mti wa plamu, mwepesi na mtiifu, nikatia kitoto cha mpingo ndani. Hicho sikuuza. Binti yangu anakitikisa karibu na sikio.

Maandishi ndiyo yaliyonilipa. Nilinunua keekee ndogo ya mkono, sindano ya nusu milimita, nikaanza kutoboa vidoti kama wale wa zamani na kuvijaza rangi. Hapo ndipo Kilwa ilipopata mahali pake. Kiwiliwili kina takriban sentimita sita za kuandikia. "Wema hauozi" unaingia kwa mstari mmoja ulionyooka. "Mgeni njoo mwenyeji apone" inabidi uuzungushe kama njia ya konokono, mara tano, na uanze juu karibu na shingo, usome ukishuka. "Usisafirie nyota ya mwenzio" niliufikisha "mwen" nikakosa mti. Hesabu herufi kwenye karatasi kwanza, izungushie karatasi kijiti, ndipo utoboe. Wasusi wa huku hawajui maana, wanauliza, ninawaeleza, wananunua. Wengine wananiomba majina ya wajukuu. Mmoja aliomba tarehe ya talaka yake, akataka rangi nyekundu.

Kwa wanaouliza bei: kijiti kimoja chenye maandishi kinanichukua dakika hamsini, ninakiuza paundi tisa. Toa mti, waya, shanga, posta, meza ya maonyesho. Si kazi ya kuacha kazi. Mimi bado niko zamu za usiku nyumba ya wazee. Bibi alifariki Februari. Mto wake uliondoka na ndugu zake, kama inavyostahili.

Kopo la biskuti lilikaa juu ya kabati mwaka mzima. Pesa nilikuwa nimerudisha kwa mafungu mawili. Baridi iliyopita nikalishusha. Nikavirudisha vile vijiti mashineni kimoja kimoja, nikavipunguza kutoka milimita tisa hadi tano na nusu, mikunjo yote ya kitanda cha babu ikaenda na maranda. Shingo nikazikata upya. Vitano vilivunjika. Kumi na tisa vikasalimika. Nikachagua jozi moja iliyopimana gramu kwa gramu, nikaitia vishada vya shanga saba saba, nikamtumia yule mwanamke bila barua wala ankara.

Hakuandika asante. Baada ya wiki tatu ilikuja bahasha yenye hundi ya jozi sita, na kikaratasi kile kile cha mistari, chenye jina analotaka liandikwe kwenye jozi ya kwanza. Nikapiga simu kuuliza kama ni la mjukuu. Ni la mbwa wake. Herufi tano, zinaingia.